Nundu ya Siku ya Sita

Mama Nundu hakuwa na mtoto aliyeitwa Nundu. Hakuwa na mtoto kabisa, na mgongo wake haukuwa na kasoro yoyote isipokuwa uchovu wa kukaa kitini. Jina hilo alilipata kazini, ghorofa ya tatu ya jengo la sayansi, kwa sababu ya kimwinuko kidogo kwenye mchoro, ambacho mtu asiyejua angedhani ni kalamu iliyoteleza.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpimaji wa mwanga katika idara ya elimu ya nyota. Watu wakisikia hivyo humwonea huruma kwa kukesha. Yeye huipokea huruma hiyo kwa kuinamisha kichwa, maana ni aibu kueleza kwamba saa tatu huwa ameshalala, kwamba darubini iko mbali mlimani na inajiendesha yenyewe, na kwamba mara moja tu maishani alipochungulia darubini kwa jicho lake aliona kope zake mwenyewe, akazisifia kwa dakika nzima kabla mtu hajamwambia afungue kifuniko.

Kazi yake halisi ilianza asubuhi, kwa kikombe cha chai na picha zilizotumwa kutoka mlimani. Katika picha hizo alitafuta nukta moja. Nyota kubwa sana, yenye uzito wa majua ishirini au thelathini, haifi kimyakimya. Kiini chake huporomoka, na ndani yake hufyatuka mchirizi unaokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga wenyewe. Kwa sekunde chache miale ya gamma hupiga vyombo vyetu, kisha kimya. Hapo ndipo watu hudhani mambo yamekwisha, na ndipo Mama Nundu huvaa miwani. Mchirizi ule huparamia gesi iliyoizunguka nyota, huipasha moto, nayo gesi hung'aa kwa siku kadhaa, pengine kwa majuma, ikififia polepole. Huo ndio mng'ao wa baadaye. Namna unavyofifia hutegemea mchirizi umekutana na nini njiani. Kwa hiyo mng'ao hausimulii kifo peke yake. Husimulia pia mtaa alioishi marehemu.

Aliwahi kumweleza hayo shangazi yake, mshonaji, ambaye walikaa pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha cherehani.

"Shangazi, nyota kubwa kabla ya kufa hupuliza upepo."

"Inapuliza nini?"

"Inajipuliza yenyewe. Ngozi yake ya nje hupeperuka, miaka nenda miaka rudi. Karibu na nyota upepo huo ni mzito, ukienda mbali unazidi kuwa mwepesi. Halafu huko mwishoni kabisa unarundikana, unakuwa kama ukuta. Chukua mfano wewe unafagia ua. Vumbi lote linaishia wapi?"

"Kwenye uzio."

"Basi."

Shangazi akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo huyo marehemu alikuwa msafi."

"Kwake msafi, uchafu kaupeleka kwa jirani."

"Hao nawajua," Shangazi akasema. "Tena hawahitaji darubini."

Ukuta huo ndio uliomletea jina. Mwezi wa tatu ulitokea mlipuko mmoja, na mng'ao wake ulififia vizuri tu siku ya kwanza hadi ya tano, kama mng'ao wowote wenye adabu. Siku ya sita ukapanda. Siku ya nane ukaanza kushuka tena. Mama Nundu alipochora vipimo vyake, mstari ulikuwa na kitu kama nundu ya ng'ombe mgongoni. Profesa, mkuu wa idara, aliinama juu ya meza yake, akaondoa miwani, akaivaa tena.

"Mchirizi umegonga ukuta," alisema kwa sauti ya mtu aliye msikitini au kanisani. "Nundu hii, mama, nundu hii!"

Kufikia mchana mlinzi wa getini alikuwa akimwita Mama Nundu.

Hakulikataa. Ukweli ni kwamba alilipenda kuliko inavyofaa mtu mzima. Katika makala za kitaalamu jina lake lilikuwa limewahi kuwa la saba, la tisa, la kumi na nne, na mara moja lilimezwa lote ndani ya maneno "na wengineo"; siku hiyo alinunua keki, akamwonyesha Shangazi neno "wengineo" na kusema, "Huyu ni mimi." Sasa, kwa makala ya Nundu, angekuwa wa kwanza. Na juu ya hilo kulikuwa na jambo zito zaidi. Mkataba wake uliongezwa mwaka mmojammoja, kama mgonjwa anayeongezewa dripu, na mwaka huu idara ilikuwa imepata nafasi moja ya ajira ya kudumu. Waombaji walikuwa wawili: yeye, na mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa Desimali kwa sababu hakuwahi kukubali namba yoyote bila kuuliza iliyofuata baada ya nukta. Usaili ulikuwa Alhamisi.

"Kwa Nundu hii nafasi ni yako," Profesa alimwambia. "Usiharibu tu."

Jumanne asubuhi, akaharibu.

Na aliharibu kwa sababu ya mapambo. Profesa alitaka mchoro mkubwa wa kubandika ukutani mbele ya jopo, naye Mama Nundu akaona vile vistari vidogo vya juu na chini ya kila kipimo, vinavyoonyesha shaka, vilikuwa virefu mno kwa picha ya ukutani. Alitaka shaka ipungue, Nundu isimame imenyooka kama bibi harusi. Njia ya kupunguza shaka aliijua. Kwa kuwa anga hubadilika, leo wingu jembamba, kesho vumbi, mpimaji hapimi nukta yake peke yake; huilinganisha na nyota tulivu iliyo jirani kwenye picha ileile. Idarani nyota hiyo waliiita shahidi. Katika kupima Nundu, Mama Nundu alitumia shahidi mmoja, nyota nzuri, ya duara, iliyokaa katikati ya picha kama mtoto wa picha ya shule. Mashahidi wengine walikuwa pembeni, hafifu, wenye kero. Sasa angeongeza wa pili, kwa ajili ya urembo.

Akaongeza. Nundu ikapungua nusu.

Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Hili alilifanya mtu mwenye shahada mbili. Nundu ikabaki nusu. Akamlaumu shahidi wa pili, akamtoa, akaweka wa tatu. Nusu ileile. Akamrudisha wa pili, akaongeza wa nne na wa tano, akamtoa yule kipenzi chake wa katikati, halafu akatazama. Mstari ulishuka kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kumi na nne, laini, bila kigugumizi, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea.

Mashahidi wanne walitoa kauli moja. Aliyesema peke yake ni yule mzuri wa picha ya shule. Akampima yeye sasa, mshtakiwa, na baada ya saa moja akamjua. Ilikuwa nyota yenye madoa, ikijizungusha, na kila baada ya siku kumi na mbili upande wenye madoa ulitutazama na mwanga wake ukapungua. Siku ya sita ya mng'ao, shahidi alikuwa amefifia. Na unapopima kitu kwa rula iliyosinyaa, kitu hicho hurefuka. Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na nyota moja yenye chunusi, na mpimaji mmoja mwenye tamaa.

Aliinua macho. Ukutani, juu ya birika la umeme, palibandikwa karatasi yenye kichwa "Mwongozo wa Upimaji". Kanuni ya nne ilisema: *Usitegemee shahidi mmoja, hata akiwa mzuri kiasi gani.* Aliyeiandika ni yeye mwenyewe, miaka minane iliyopita, na hata yale maneno "hata akiwa mzuri kiasi gani" aliyaongeza kwa majivuno, akidhani anawatania wengine.

Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe. Desimali alikuwa amesimama, macho kwenye skrini.

"Umeona?" Mama Nundu akauliza.

"Nimeona nini? Nimefuata kikombe changu."

"Desimali."

"Kile cha bluu."

"Kikombe unacho mkononi."

Desimali akakitazama, akakaa. "Dada, nikuambie ukweli. Ukinyamaza, nitanyamaza. Ukisema, mimi napata kazi. Kwa hiyo usiniombe ushauri. Mimi nina masilahi."

"Sijakuomba."

"Ila uso wako unaniomba."

"Uso wangu ndivyo ulivyo tangu kuzaliwa."

"Pole," Desimali akasema, na haikujulikana pole hiyo ilikuwa ya uso au ya Nundu.

Jumatano alikwenda kusema. Alivaa kiatu cha heshima, akapanga sentensi tatu fupi, akabisha mlango wa Profesa. Profesa alikuwa kwenye simu, akamkaribisha kwa mkono mzima. "Eeh, mwenyewe huyu hapa anaingia!" aliiambia simu. "Mama Nundu ndiye huyu! Subiri usikie." Akaiziba simu kwa kiganja, uso ukimng'aa. "Sema, mama."

Sentensi tatu zikampita kama abiria wanaoshuka.

"Nilikuja kuuliza," akasema, "kama majani ya chai yapo."

"Yapo kabatini," Profesa akasema kwa upendo.

"Ahsante." Akatoka, akaenda kabatini, akayatazama yale majani ya chai. Yalikuwepo kweli.

Jioni, kabla jua halijazama, alimhadithia Shangazi. Shangazi alikuwa akipinda suruali ya sare, akasikiliza bila kusimamisha mguu.

"Wenyewe wamejua?"

"Bado."

"Watajua?"

"Sijui. Mlipuko kama huu hutokea mara moja, haurudi. Mpaka mtu aamue mwenyewe kupima upya picha zangu. Labda baada ya miaka miwili. Labda kamwe."

"Basi hii ni kesi isiyo na mlalamikaji."

"Ndiyo."

"Na unalala?"

"Jana nililala vizuri sana, Shangazi. Hilo ndilo linalonitisha."

Shangazi akacheka mpaka cherehani ikasimama. Kisha akasema kwa utulivu, kama mtu anayetoa kipimo cha kiuno: "Nyamaza. Kesho chukua kazi. Jumatatu useme. Utasema umegundua Jumapili."

"Jumapili ofisi imefungwa."

"Basi Jumatatu asubuhi. Mwanangu, miaka kumi na mmoja unaongezewa mwaka kama mtu anayeongezewa mchuzi. Hiyo nundu imekaa huko juu tangu mwezi wa tatu, itashindwa kukaa siku nne zaidi?"

Ulikuwa ushauri mzuri. Hilo ndilo baya lake. Mama Nundu aliulaza kifuani usiku kucha, na alfajiri, akipiga mswaki, aliufanyia mazoezi mbele ya kioo. "Jumatatu asubuhi niligundua," alikiambia kioo. Alisema vizuri sana. Alishangaa jinsi alivyosema vizuri. Katika maisha yake hakuwahi kusema lolote la kweli kwa ufasaha ule. Ya kweli huyasema akikohoa.

Jopo lilikuwa la watu watatu: Profesa; Mkuu wa Kitivo, ambaye ni bwana mpole wa jiolojia aliyependa kuandika kila jibu; na mtahini kutoka chuo kingine, mama mfupi mwenye sauti ndogo. Mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani, Nundu katikati, kubwa kama mlango. Mama Nundu alianza kwa kueleza nyota, upepo, mchirizi, na kufagia ua. Mkuu wa Kitivo akatabasamu uzio ulipotajwa. Mambo yalikwenda kama maji.

Kisha mtahini akauliza swali rahisi, la kumsaidia. "Huo ukuta wa gesi, uko umbali gani kutoka kwenye nyota?"

Jibu alilijua. Alikuwa amelikokotoa kwa majuma mawili: sifuri nukta tisa mbili ya mwaka wa mwanga. Akafungua kinywa, na hapo ndipo ile mbili ya mwisho ilipomkwama. Tisa angeweza kuisema. Kusema karibu mwaka wa mwanga angeweza. Lakini mbili! Amepimaje hadi tarakimu ya pili kitu ambacho hakipo? Ni kama kutaja nambari ya kiatu cha jini. Kicheko kikampanda, akakizuia, kikatoka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alisikia sauti yake.

"Hauko umbali wowote."

"Ana maana uko mbali sana," Profesa akasema haraka.

"Hapana, Profesa. Nina maana haupo."

Kalamu ya Mkuu wa Kitivo ikasimama. Mama Nundu akaeleza yote, shahidi mzuri, madoa, siku kumi na mbili, rula iliyosinyaa. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, akianza katikati na kurudi nyuma, mara mbili akiita nyota "huyu dada". Hakumwangalia Profesa.

"Idara haina mwongozo wa mambo haya?" Mkuu wa Kitivo akauliza.

"Unao."

"Unasemaje kuhusu shahidi mmoja?"

"Unakataza."

"Nani aliuandika?"

"Mimi."

Mkuu wa Kitivo akaandika. Kisha akainua kichwa, kwa nia njema kabisa. "Na uliwahi kuusoma?"

"Kila siku, nikichemsha maji."

Mtahini akaingilia. "Tuseme nundu tumeizika. Mng'ao wenyewe umebaki na nini?"

Mama Nundu alikuwa na karatasi ya pili mkobani. Hakuwa amepanga kuitoa, lakini hakuwa amepanga kuiacha nyumbani pia. Akaitandaza mezani. Mstari laini, bila kitu.

"Umebaki na jambo la kuchosha," akasema. "Ukifuata mteremko huu, mchirizi haukukuta upepo. Gesi ilikuwa imesambaa sawasawa, karibu na mbali. Nyota kubwa kama ile lazima ilipuliza upepo wake. Ni kama nyumba ambayo unajua mwenyewe alifagia kila siku ya maisha yake, unaingia, unakuta vumbi limetandaa sawasawa toka mlangoni hadi uzioni."

"Kwa nini?"

"Sijui. Wengine wameona hivyo kwenye milipuko mingine, na kila mmoja ana sababu yake. Mimi sina hata moja."

"Na hili ulikuwa umeliandika popote?"

"Hapana. Nilikuwa nashughulika na nundu."

Mtahini alicheka kidogo, puani. Profesa hakucheka.

Barua ilitoka Ijumaa mchana. Nafasi alipewa Desimali, ambaye alikuja mezani kwake akiwa ameikunja barua mara nne, kana kwamba ikiwa ndogo itauma kidogo. Mama Nundu aliongezewa mwaka mmoja. Alimpa Desimali mkono, akamwambia hongera, na alimaanisha; kisha akaenda msalani akakaa humo kwa muda ambao mtu wa kupima angeuita mrefu. Aliporudi nyumbani Shangazi alimtazama usoni, akasema "Mjinga wewe," akampa upande wa pili wa shuka ashike wakunje. Walikunja mashuka saba. Mawili yalikuwa yameshakunjwa.

Profesa hakumsemesha siku tano. Siku ya sita alikuja akasimama karibu na birika.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuja Jumatano."

"Ukaniuliza majani ya chai!"

"Ndiyo."

Profesa alipumua kwa nguvu. Alikuwa amezungumza na watu wengi kwenye simu juu ya ile Nundu, na sasa ilimbidi awapigie mmojammoja. "Makala tutaiandika upya," alisema hatimaye. "Hiyo ya vumbi sawasawa. Jina lako libaki mbele. Mtahini ameuliza itatoka lini." Akageuka kuondoka, akarudi. "Na ming'ao mingine mingapi ulipima kwa shahidi mmoja?"

Swali hilo Mama Nundu alikuwa ameshajiuliza, akitumaini lisiulizwe na mwingine. "Saba," akasema. "Katika miaka kumi na mmoja."

"Ipime upya. Yote. Desimali atasaini."

Kwa hiyo Jumatatu walikaa bega kwa bega, yeye kwenye kompyuta, Desimali kando yake na daftari jipya.

"Mkubwa wako wa kazi anauliza," Desimali alisema, "mashahidi wangapi?"

"Mkubwa wangu wa kazi aache kunyanyua shingo. Watano."

"Mmoja yuko ukingoni mwa picha, nusu yake imekatwa."

"Mtoe. Tafuta mwingine."

Mng'ao wa kwanza ulitoka salama. Mashahidi wote watano waliunga mkono kipimo cha zamani, na Mama Nundu akajikuta anautazama kwa shukrani kama mtu aliyepishwa njia. Wa pili ulikuwa wa miaka sita iliyopita. Aliukumbuka. Ulikuwa na mteremko mkali wa ghafla, ambao watu wakubwa waliuandikia kurasa kumi, na yeye alikuwa jina la saba.

"Huu ukianguka," alisema, "hauangukii kwangu peke yangu. Kuna watu sita juu yangu."

"Wakubwa?"

"Wakubwa kweli."

Desimali akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akavuta kiti karibu. "Shahidi wa kwanza," akasema. "Soma."

Mama Nundu akafuta miwani kwa pindo la blauzi, akaanza kusoma.